Apu iko sawa lakini kazi haisongi: pa kuangalia kabla hujamlaumu fundi wa sistimu

Nimefanya kazi kwa benki hapa Nairobi miaka kumi na mbili, minne ya kwanza nikiwa keshia, halafu nikaingizwa timu ya digitali, na saa hii kazi yangu ni kuzunguka matawi kuuliza kwa nini kitu kimenunuliwa na pesa nyingi hivo na watu hawakitumii. Naandika hii kwa yule ameachiwa mradi kama huo mikononi, iwe ni benki ya ghorofa ishirini Upper Hill ama sacco ya vyumba viwili Kawangware, apu imezinduliwa, keki imekatwa, wakubwa wamepigwa picha, na miezi mitatu baadaye laini ya watu ndani ya ukumbi ni ile ile.

Weka hii akilini kwanza: mteja wa Kenya si mgeni wa pesa za simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, benki zikaruhusiwa kufanya kazi na maajenti 2010, M-Shwari (akiba na mikopo ndani ya M-Pesa) ikaja Novemba 2012, KCB M-Pesa (mikopo ya benki ya KCB kwa simu) 2015, Pesalink (kutuma pesa benki moja hadi nyingine) 2017, halafu Machi 2020 wakati wa korona Benki Kuu ikafanya ada za kutoa pesa benki kwenda kwa simu na kurudi ziondolewe, watu wakazoea hata zaidi. Kwa hivo mtu akikwambia "wateja wetu hawaelewi mambo ya simu" usikubali haraka. Mara nyingi mteja anaelewa vizuri sana, ni sisi wa ndani tumemfungia njia.

Na swali ninalotembea nalo kila tawi ni moja tu. Huyu mfanyakazi akifuata njia mpya, ni nini inaeza kumuumiza, na akibaki na ile ya zamani ni nini inamkinga? Ukipata jibu la hilo umepata ugonjwa. Nimeona watu wakiitwa wavivu, wakiitwa watu wa zamani, wakiambiwa hawapendi mabadiliko, na ukikaa nao chini dakika ishirini unakuta wanafanya kitu cha akili kabisa ukizingatia vile ofisi yao inaadhibu na vile inalipa.

Kwanza hakikisha si mashine

Usianze kusema utamaduni wa kazi kabla hujaangalia mitambo, hiyo ni kuwaonea watu. Chukua matawi mawili yenye sistimu ile ile na wateja wanaofanana, tuseme moja liko Tom Mboya na lingine River Road, wote wafanyabiashara wa bidhaa za jumla, ulinganishe. Kama shida inatokea kote saa ile ile, kwa mfano mwisho wa mwezi mishahara ikiingia, ama usiku hesabu za siku zikifungwa, hiyo ni seva, ama ni USSD, zile menyu za nyota na namba kwa simu, inakatika kabla mteja hajamaliza kubonyeza, mwite fundi na usisumbue keshia. Lakini tawi moja likienda vizuri na lile lingine limekwama na sistimu ni moja, basi shida iko kwa watu ama kwa yule anawasimamia. Angalia na tarehe pia, juu saa zingine tawi lilikuwa sawa kabisa na likaanza kuharibika wiki ile meneja mpya aliingia, na hapo jibu unalo bila kumlipa mshauri kutoka nje.

Dalili: apu iko, wateja wako na simu, na ukumbi bado umejaa

Kaa kwa viti vya wateja asubuhi nzima bila kujitambulisha. Usiangalie wateja, sikiliza wafanyakazi wanasema nini. Tawi moja huku Eastlands nilisikia mama akiuliza kama karo aliyotuma imefika shule, kitu cha kuangalia kwa simu dakika moja, na kijana wa kaunta akamjibu, "Mama, ingia tu kwa laini utahudumiwa." Mama akaingia laini, dakika arobaini. Huyo kijana alikuwa mtu mzuri, mwenye adabu, na apu anaijua ndani nje. Nikamngoja wakati wa lunch nikamuuliza mbona hukumwonyesha kwa simu yake, akaniambia bila kuficha, "Sista, wakijua wote, mimi nitakuwa nafanya nini hapa?"

Hiyo hofu iko na historia na ni vizuri uijue. Septemba 2016 sheria ya kuwekea riba ya mikopo ya benki kikomo ilianza, na ikakaa hadi Novemba 2019 ilipoondolewa. Katika hiyo miaka mabenki kadhaa yalipunguza wafanyakazi na kufunga matawi, na sababu moja iliyotajwa mara nyingi ilikuwa kwamba wateja wamehamia kwa simu. Yule keshia aliona mwenzake akibeba vitu vyake kwa katoni. Sasa leo unakuja na fulana za rangi na kusema digitali ni ya kila mtu, na yeye masikioni anasikia katoni. Kumwambia amfundishe mteja apu ni kumwambia akate tawi alilokalia, na sijaona mtu mwenye watoto akifanya hivo kwa moyo mkunjufu.

Sababu ya pili ni tageti, yaani malengo ya kazi. Uliza meneja wa tawi anapimwa na nini. Mahali pengi amana na miamala inahesabiwa kwa tawi ilikofanyikia, kwa hivo mteja akihamia apu, hesabu yake inahamia makao makuu na tawi linaonekana limelala. Meneja akiona hivo hatasema chochote kibaya juu ya apu kwa mkutano, atapiga makofi na wengine, lakini tawini kwake hakuna mtu ataambiwa aisukume.

Dawa yake si semina. Mteja wa apu ahesabiwe kwa tawi lililomlea, milele, hata akifanya kila kitu akiwa kitandani Rongai. Na kuhusu kazi za watu sema ukweli, hata ule mchungu. Kama makeshia kumi watabaki wanne, sema wanne, sema lini, sema hao sita wataenda wapi, nani atafundishwa mikopo ya biashara ndogo, nani atapewa simu za wateja, nani ataondoka na kwa malipo gani, na kama wako na chama cha wafanyakazi kiite mapema. Najua wakubwa wanaogopa kusema juu watu watashtuka. Watu wameshashtuka tayari. Kile hawana ni tarehe.

Dalili: usajili uko juu sana na akaunti zimelala

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza. Makao makuu wanasema kila mfanyakazi aandikishe watu hamsini kwa mwezi, na wanaandikisha kweli, binamu, mwenye nyumba, watu wa chama, mtu wa boda, halafu anatuma shilingi kumi kwa kila akaunti ili ionekane inatembea. Nimefanya hivo mimi mwenyewe nikiwa keshia na sikujiona mwizi, nilijiona mtu anaokoa kazi yake. Kwa karatasi tulikuwa tawi la pili bora.

Mahali hii njia inaeza kufika tumeona kwa wengine. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilipigwa faini ya dola milioni 185 Septemba 2016 baada ya kuonekana wafanyakazi walifungulia wateja karibu akaunti milioni 2 bila ruhusa yao, na watu kama 5,300 walikuwa wamefutwa kwa miaka kadhaa kabla ya hapo. Angalia hiyo hesabu ya waliofutwa. Mtu mmoja akidanganya, huyo ana tabia mbaya. Elfu tano wakidanganya kwa njia ile ile, tageti ndo inadanganya.

Badilisha kinachohesabiwa. Mimi nasema hesabu mteja aliyetumia apu mwezi wa tatu, peke yake, bila kusaidiwa na mtu, kwa kitu cha maana kama kulipa stima ama karo. Namba itashuka vibaya mwezi wa kwanza. Mwandalie bosi kabla hajaiona, umkalishe umweleze, juu akishtukia kwa skrini atarudisha ile tageti ya zamani jioni hiyo hiyo.

Dalili: mteja ametuma kila kitu kwa simu na bado anaambiwa "pitia tawini"

Jaribu hii wikendi. Chukua simu ya mzazi wako, ile ya kawaida yenye skrini imepasuka kidogo, ufungue akaunti ya benki yako mwanzo hadi mwisho kama mtu hujui mtu yeyote huko. Piga picha kitambulisho, weka PIN ya KRA, ile namba ya kodi, jipige selfi. Halafu uhesabu umeulizwa jina la mama mara ngapi na ni saa ngapi umeambiwa ulete kopi.

Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Melvin Conway, aliandika kwamba watu wakiunda mfumo wataunda kitu kinachofanana na vile wao wenyewe wanavyoongea ndani ya shirika lao. Sijawahi kuona ukweli wake kama kwa apu za benki. Fomu ikiuliza kitu kimoja mara tatu jua kuna idara tatu haziongei, ya akaunti, ya kadi na ya mikopo, kila moja iko na fomu yake na haiamini ile ya jirani. Na pale apu inakwambia "pitia tawini" kuna mtu fulani wa riski ama wa komplayansi, wale wa kuangalia hatari na kama sheria inafuatwa, alikataa kuweka jina lake chini ya njia mpya, kwa hivo njia mpya ikapewa mkia wa karatasi.

Usimchukie huyo mtu. Kazi yake ni kukataa, na siku kitu kikiharibika yeye ndo ataitwa, si yule wa matangazo. Kosa letu ni kumwita wiki ya mwisho, tumeshamaliza kila kitu, tunamwekea karatasi asaini kesho. Hapo hata mimi ningekataa. Mlete siku ya kwanza, akae meza moja na madevelopa, wale wanaoandika apu, na mtu wa tawi, na umuulize, unaogopa nini hapa? Jibu linaeza kuwa kitu kidogo kinachorekebishika. Mara moja nilikaa na mmoja alikuwa amezuia mradi miezi mitano, na alichotaka ilikuwa picha ya kitambulisho ihifadhiwe kwa njia ambayo haitamletea shida na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Madevelopa walimaliza hiyo kazi siku nne. Miezi mitano watu wa jengo moja walikuwa wanatumiana barua pepe za "kama nilivyotaja awali."

Dalili: mafunzo asilimia mia, matumizi sifuri

Fupi hapa. Kama mafunzo yalikuwa ni video za kubonyeza mbele mbele hadi cheti kitoke, usiku baada ya kazi, kwa Kiingereza cha chuo, basi hakuna mtu amefundishwa. Mfanyakazi anayeongea na wateja kwa Kiswahili ama Kikuyu ama Kikamba siku nzima anahitaji kujua maneno ya kumwambia yule mzee mbele yake, na maneno hayo hayako kwa video.

Na kuna mtu mmoja kila mtu anamsahau, askari wa mlangoni. Simama pale mlangoni saa moja tu uone, mtu akiingia benki wa kwanza kumuuliza ni askari. Nataka kutoa pesa, niende wapi? Kadi imemezwa, nifanyeje? Yeye ndo anasema "laini ile" ama "hiyo unaeza kufanya kwa simu." Lakini ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, hayuko kwa orodha yetu, hajawahi kualikwa kwa mafunzo hata moja. Tawi moja la Westlands tulikaa na askari wawili asubuhi tatu tukawaonyesha apu kwa simu zao, na meneja akakubali wapewe kitu kidogo kila mwezi kama wale wengine. Katika vitu vyote nimejaribu hiyo ndo ilipunguza laini haraka zaidi, na ilinihuzunisha kidogo kujua miaka yote hatukuwahi kuwauliza.

Dalili: paswadi moja, watu watatu

Kazi ya benki ni mmoja aandike na mwingine aidhinishe, hiyo ni kinga ya pesa za watu na haifai kuguswa. Sasa ukikuta meneja ako mkutanoni Upper Hill na miamala bado inaidhinishwa kwa jina lake tawini, usianze na barua ya onyo. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa usalama wa mtandao 2017 na karibu kila benki iko na sera iliyosainiwa na kila mtu, kwa hivo hakuna mtu hajui ni makosa. Wanafanya juu mteja amesimama pale na pesa ya kuokoa kontena bandarini, na mwenye ruhusa ni mmoja tu, na kikomo cha naibu wake ni kidogo sana hakifiki hata kodi ya duka.

Mahali hivo nimekuta bosi mwenye ruhusa zote mkononi ndo anaonekana bosi kamili. Akigawa anaona amepungua. Hiyo ongea naye peke yake, kwa heshima, mlango umefungwa, usimwaibishe mbele ya vijana wake. Halafu pandisha kikomo cha naibu, weka mwidhinishaji wa pili wa tawi jirani, mpe meneja uwezo wa kuidhinisha akiwa mbali kwa kifaa chake mwenyewe. Baada ya hapo sasa, paswadi ikipeanwa tena, barua itoke.

Dalili: kila ripoti ya mradi ni ya kijani hadi siku ya uzinduzi

Hii ndo inaniogopesha kuliko zote, juu haionekani. Mradi unapakwa rangi, kijani ni sawa, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari, na kila wiki ni kijani kijani kijani, halafu usiku wa kuhamisha data mambo yanalipuka na unakuta kijana wa mwaka wa pili kazini alijua tangu miezi minne iliyopita.

Kule Uingereza Aprili 2018 benki ya TSB ilihamisha wateja wake wote kwa sistimu mpya wikendi moja. Data ilihama lakini sistimu ikashindwa kubeba, watu wakakosa kuingia kwa akaunti zao, na ilichukua hadi Desemba mwaka huo kurudi kawaida. Malalamiko yalifika 225,492. Desemba 2022 wasimamizi wa huko wakawapiga faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wao wa teknolojia naye akalipishwa faini yake binafsi, juu hakuhakikisha vizuri kama kampuni iliyopewa kazi ilikuwa tayari kweli. Wao walikuwa na mashine, na pesa, na wataalamu. Ile kazi ya kuuliza "uko tayari kweli?" na kungoja jibu la kweli ndo haikufanywa vya kutosha.

Hapa kwetu tuna uzito wa ziada. Tumelelewa kwamba mkubwa hajibiwi mbele ya watu. Nimekaa kwa mkutano kijana akaanza kusema kuna shida na meneja wake akamkatiza na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", watu wakanyamaza, mkutano ukaendelea. Ni methali nzuri nyumbani lakini kwa mradi wa kuhamisha pesa za watu ilitufunga mdomo. Wazee hao hao walisema pia mficha maradhi kifo humuumbua, na hiyo ndo ningependa isemwe kwa mikutano yetu.

Kuna mtafiti wa Harvard, Amy Edmondson, miaka ya 90 alikuwa anaangalia makosa ya dawa hospitalini, akitarajia timu nzuri iwe na makosa machache. Akakuta timu zenye uhusiano mzuri ndo zinaripoti makosa mengi, na maelezo aliyofikia ni kwamba huko watu hawaogopi kusema. Kwa hivo tiketi za malalamiko kutoka tawi zikipungua ghafla usishangilie, nenda kwanza uone kama shida imeisha ama watu wamechoka kusema.

Kile kinafanya kazi, kwa vile nimeona, ni mkubwa aanze yeye. Aseme mbele ya wote "wiki hii nilikosea hapa". Halafu aulize kwa njia isiyo na jibu la ndiyo, asiulize "tuko sawa?" aulize "kitu kikiharibika Jumamosi tukihamisha data, kitaanzia wapi?" na aanze na mdogo kuliko wote chumbani, bosi awe wa mwisho, kwa sababu bosi akishasema wengine watarudia tu. Na yule analeta habari mbaya asipewe yeye kazi ya kuirekebisha peke yake kama adhabu. Hiyo tunafanya sana. Mtu anasema kuna shida, anajibiwa "sawa, basi shughulikia", na mara ya pili hasemi.

Benki ya DBS ya Singapore, ambayo inasifiwa sana kwa digitali, chini ya Piyush Gupta aliyechukua usukani 2009 ilianza hata na vitu vidogo kama mikutano, kila mkutano uko na mwenyewe na uko na mtu wa kuangalia tu ambaye mwisho anasema wazi umeendaje. Sisemi tuige kila kitu, hata wao mwaka 2023 huduma zilianguka mara kadhaa na msimamizi wa huko akawazuia miezi sita kufanya mabadiliko ya sistimu yasiyo ya lazima. Lakini hicho cha mkutano unaeza kujaribu Jumatatu bila bajeti.

Dalili: kaunta buku bado liko

Nimeweka hii mwisho kwa sababu ndo ilinifundisha kazi. Ukienda tawini angalia chini ya kaunta, mkono wa kulia wa keshia. Ukikuta kaunta buku, ile nene ya jalada gumu, na imeandikwa miamala yote kwa kalamu, jina, kiasi, saa, hadi sahihi ya mteja, basi jua hiyo sistimu yako mpya haiaminiwi hata kama inatumika. Kila muamala unafanywa mara mbili. Wakati keshia anapoteza hapo ni mwingi kuliko ule sistimu inaokoa.

Tawi moja nililopewa lilikuwa na vitabu saba. Barua tatu zilitoka makao makuu kuzipiga marufuku. Zikaondoka wiki moja, zikarudi. Meneja akasema ni ukaidi.

Nikakaa na dada mmoja pale, mkongwe kuliko wote kaunta, tukanywa chai mara mbili kabla hajaniambia. Miaka mitano nyuma alipata shoti ya elfu arobaini, yaani pesa zilipungua kwa hesabu, jioni wakati wa kubalansi. Alikuwa na uhakika muamala mmoja uliingia mara mbili sistimu ilipokwama na kurudi. Akaomba rekodi ya mashine iangaliwe. Akaambiwa rekodi inatolewa na IT, IT wakasema mpaka oditi, wale wakaguzi wa hesabu, waombe, oditi wakasema hawaombi bila kesi kufunguliwa, na wakati wote huo mshahara ukaanza kukatwa, elfu kumi kila mwezi, miezi minne. Kijana wake alikuwa kidato cha pili, akakaa nyumbani nusu muhula. Hakuna aliyewahi kumrudia na jibu. Tangu hapo akanunua kaunta buku kwa pesa yake, na kila keshia mpya akiingia tawi hilo, kitu cha kwanza anafundishwa na wenzake ni kununua yake.

Unaona sasa barua za marufuku zilikuwa zinapigana na nini. Ile kaunta buku ndo ilikuwa wakili wao.

Tulifanya hivi. Tuliita mkuu wa oditi, mtu wa IT na watu wa kaunta chumba kimoja, na yule dada akasimulia mwenyewe. Oditi hawakuwa wanajua. Tukaandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili rahisi, kwamba keshia akipata shoti ana haki ya kuona rekodi ya mashine ya siku hiyo ndani ya siku mbili za kazi, bila kufungua kesi, na hakuna shilingi itakatwa kabla hajaiona. Oditi akasaini, IT akasaini, HR akasaini, ikabandikwa chumba cha chai. Na hatukusema neno moja juu ya kaunta buku. Meneja alitaka sana tuzikusanye siku hiyo, nikamwomba aziache.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, ya pili pia, mwezi ukaisha watu bado wanaandika. Halafu kijana mmoja akapata shoti ya elfu sita na mia tatu Ijumaa jioni. Tawi zima likanyamaza likimwangalia. Jumatatu saa tano rekodi ikaja, ikaonyesha ni yeye kweli, alikosea sifuri, na mteja akapigiwa simu akarudisha pesa siku hiyo hiyo. Hakukatwa. Hakupewa barua. Meneja akamwambia tu, "Ijumaa jioni tumechoka sote, wacha tuangalie hiyo skrini kama inaeza kuuliza mara mbili ikiwa kiasi ni kikubwa," na ikapelekwa kwa madevelopa kweli, na ikabadilishwa.

Nilirudi huko baada ya miezi miwili. Vitabu vilikuwa vimebaki viwili. Kimoja kilikuwa cha yule dada, bado anaandika, na sikumuuliza kitu. Kile kingine kilikuwa chumba cha chai, kurasa za mbele zimejaa miamala na za nyuma wanaandika nani amelipa pesa ya maziwa.